Skrini Isiyotaka Kutazamwa

Mtu wa kwanza kunionyesha kwamba kazi yangu ni ya hatari alikuwa dereva aliyehesabu samaki.

"Kumi na wanne," akaniambia akishuka garini. "Na mmoja, Bi Rukia, umesahau kumtia jicho."

Alisema kwa furaha, na mimi nikafurahi naye, mjinga mimi. Samaki wale niliwachora kwa mkono wangu kwenye bahari ya ramani, maana bahari tupu ilinikera. Kumbe kuna mtu aliyeitazama kazi yangu kwa makini vile! Ilibidi Fundi Badi anivute kando na kuniuliza swali moja tu: "Alipokuwa akihesabu samaki, barabara ilikuwa ikitazamwa na nani?"

Haya, vijana wangu, sogeeni. Mimi ni Rukia, mtu wa Mambrui, mstaafu. Magoti yananisumbua lakini ulimi haujambo. Kazi niliyoiacha juzijuzi ilikuwa kutengeneza kile anachokiona na kukisikia dereva kwenye ile skrini ndogo ya gari inayomwonyesha njia. Ramani, mishale, maandishi, sauti, vyote vilipita mikononi mwangu katika chumba kimoja nyuma ya gereji ya Bwana Twalib, Malindi mjini. Bwana Twalib alikuwa na vani za kukodisha. Nyingine zilibeba watalii, nyingine zilibeba wagonjwa wa figo wanaopelekwa hospitali kusafishwa damu. Alitaka skrini zilizotengenezwa na watu wanaojua kwamba huku kwetu barabara nyingi hazina majina. Nyinyi mnaofanya kazi hii sasa nimewaona. Mnakaa ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kompyuta mbili mbele, simu ya tatu mkononi, mnachora vitu vinavyorukaruka na kumetameta. Nawapenda, wallahi. Lakini nisikilizeni kabla hamjamtia mtu mtaroni, kwa sababu mimi nimeshamtia.

Kwanza niwape siri ambayo Bwana Twalib aliijua nikiwa nimeshakula mishahara yake mingi. Sikujua kuendesha gari. Nilikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, nikajifunza kompyuta ukubwani, na nikaajiriwa kwa sababu mwandiko wangu ulipendeza. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kushika usukani, nami sikuona haja ya kuwasumbua.

Fundi Badi ndiye aliyenigundua. Alikuwa fundi wa umeme wa magari, mfupi, mkali wa maneno, na katika maisha yake yote hakupata kunisifu hata siku moja. Baada ya ule mkasa wa samaki aliniambia nikae nyuma ya usukani nimweleze ninaona nini. Nikatafuta ile skrini yangu kwa mbwembwe.

"Washa gari kwanza," akasema.

Nikashika kitu. Vipangusio vya kioo vikaanza kwenda mbio.

"Loo!" akasema Fundi Badi. "Kumbe tumepewa mpishi asiyekula."

Tangu siku hiyo alinikalisha kiti cha abiria mwezi mzima. Alinikataza kalamu, alinikataza daftari. Kazi yangu ilikuwa kumtazama dereva macho, yanakwenda wapi na yanarudi lini. Madereva hawakupenda. Mmoja wao alimwambia mkewe kwamba kuna mwanamke wa Mambrui anamkodolea macho kutwa, na mkewe akaja gereji kuniona. Aliponiona nilivyo, na miwani yangu hii, akacheka, akaenda zake. Sijui nifurahi au nikasirike mpaka leo.

Lakini nilijifunza. Nilijifunza kwamba macho ya dereva hayakai sawa yakishavutwa. Ukimwekea maneno atayasoma, hata kama anayajua. Ukimwekea rangi inayobadilika atangoja ibadilike tena. Na jua letu la saa saba, lile la kutoka Gede kuja Malindi, likipiga kwenye skrini nyeupe dereva anajiona uso wake badala ya njia, na wapo waliotumia nafasi hiyo kutengeneza masharubu. Nikachukua buibui langu kuukuu, nikakata mkono wake, nikaishonea skrini kikofia cha kitambaa cheusi kizuie jua. Madereva wakasema skrini imejistiri. Wacheke, lakini kilifanya kazi, na vumbi nalo likapungua, maana dereva akiona vumbi kwenye skrini hawezi kutulia mpaka alifute kwa mkono wa shati huku gari linakwenda.

Jaribio langu kubwa lilikuwa la leso, na hili lichukueni bure. Nilikuwa naifunika skrini kwa leso. Tukiwa njiani naifunua, nasema "bismillahi" mara moja, naifunika tena. Kisha namuuliza dereva: umeona nini? Alichokiona katika bismillahi moja kikabaki. Asichokiona nikakifuta. Vikaenda vituo vya mafuta, yakaenda majina ya hoteli, wakaenda samaki wangu wote kumi na wanne, na nilikuwa karibu kulia. Fundi Badi naye akikaa nyuma alikuwa akiisema ile bismillahi haraka kuliko mimi, makusudi, ili nizidi kufuta. Nikimgombeza ananiambia, "Tela halitakungoja umalize."

Msinidhanie kwamba baada ya hapo nikawa mtu wa maana. Nilikosea tena na tena. Niliandika "kata kulia penye mama wa mahamri," na yule mama akahamia kwa mwanawe Kilifi. Dereva wangu akazunguka Ganda nzima akinusa. Lakini kosa kubwa, lile lililonitoa jasho, halikuwa la kuchora. Lilikuwa la kusema.

Skrini ilipobaki na vitu vichache tukaamua iwe na sauti, ili dereva asikie badala ya kutazama. Wazo zuri. Kila mtu hulisifu. Bwana Twalib akauliza sauti iwe ya nani, nami nikakohoa kidogo, nikasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba labda, kama hawana mtu mwingine, ingawa mimi si mtu wa kujitia mbele, ningeweza kujaribu. Nilikuwa nimeshafanya mazoezi bafuni wiki mbili.

Sasa nieleweni vizuri, vijana wangu. Mimi nimelelewa Mambrui. Kwetu hakuna mtu anayemwanza mwenzake maneno bila salamu. Ukinijia unaniambia tu "pita kushoto" bila hata kuniuliza hali, nitakuuliza umelelewa wapi. Basi nikaandika sauti yenye adabu. Kila gari linapokaa kimya kwa muda kisha likataka kusema, lilianza hivi: "Assalam aleikum, mwanangu. Hujambo? Habari za tangu asubuhi? Tafadhali, huko mbele, jiandae kukata kulia, inshallah."

Kila mtu alipenda. Wagonjwa walipenda, walikuwa wakiitikia pamoja kutoka viti vya nyuma. Nikawa mashuhuri. Nikiingia harusini Mambrui wanawake wananiambia, "Karibu Bi Rukia, kata kulia inshallah," na mimi najifanya sitaki, huku kichwa kimevimba. Fundi Badi peke yake alinuna. Aliniambia, "Mashine yako ikimaliza kuamkiana, kona imeshapita." Nikafupisha kidogo. Salamu sikuzigusa.

Hapo ndipo anapoingia Kazungu.

Kazungu alikuwa dereva wa wagonjwa, Mgiriama wa Ganda, kijana mwenye mke na watoto wawili, na wa pili alikuwa na wiki chache tu. Katika madereva wote wa Bwana Twalib hakuna aliyekuwa na adabu kama yake. Akinikuta njiani anasimama, anainamisha kichwa, anaweka mkono kifuani, ananiamkia shikamoo, anangoja marahaba, ndipo anaendelea na safari yake. Wagonjwa walimpenda. Wale wazee wa kusafishwa damu wanachoka sana, na yeye alikuwa akiwashika mkono mmoja mmoja mpaka mlangoni kwao.

Asubuhi moja akiwa na wagonjwa wanne, kwenye njia panda ya Gede, gari liliacha barabara, likagonga mkokoteni wa mitungi ya maji, likaingia mtaroni. Mwenye mkokoteni aliruka akapona. Maji yalimwagika stendi nzima. Bibi mmoja mgonjwa alivunjika kifundo cha mkono, na tulipofika tulimkuta amekaa chini amejiegemeza kwa Kazungu, na Kazungu anatetemeka kuliko yeye.

Bwana Twalib hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa mtu wa maamuzi ya haraka. Akamuuliza Kazungu, "Ulisinzia?"

"Sikusinzia, bosi."

"Basi ulikuwa unafanya nini?"

Kazungu akanitupia jicho, akainamisha kichwa. "Ni makosa yangu," akasema.

"Makosa gani?"

"Ni yangu tu, bosi."

Bwana Twalib akamnyang'anya ufunguo hapo hapo. Akasema atangoja mpaka Jumatatu ijayo aamue, lakini sote tulijua maana yake. Dereva wa wagonjwa akishaitwa msinziaji, kutoka Mtwapa mpaka Mambrui hakuna atakayempa hata baiskeli.

Nami ndani ya lile gari nilikuwa nimefunga kamera ndogo, ya kutazama macho ya dereva, kwa ajili ya kazi yangu. Hakuna aliyeikumbuka ila mimi. Nikaichomoa, nikaenda nayo chumbani kwangu nyuma ya gereji, nikafunga mlango, nikatazama.

Kazungu anaendesha vizuri, macho mbele. Kimya. Kisha naisikia sauti yangu, tamu kama nilivyoipanga: "Assalam aleikum, mwanangu. Hujambo?" Na Kazungu anageuka. Si kidogo, anageuka kabisa, uso wote, anaitazama skrini kama ananitazama mimi, anatabasamu. Anatoa mkono kwenye usukani anauweka kifuani. "Sijambo, Bi Rukia, shikamoo." Anangoja marahaba. Mashine haina marahaba. Anangoja.

Halafu mitungi.

Astaghfirullah! Nilikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Nilimfanya mtu mwenye adabu achague kati ya adabu yake na barabara, mara ishirini kwa siku, na mimi nikatembea harusini kujisifu. Na yeye alipoulizwa hakusema kitu, kwa sababu kusema kungekuwa ni kunishitaki mimi, mtu wa umri wa mama yake, mbele za watu. Alikuwa tayari kupoteza kazi kuliko kunivunjia heshima. Niliona haya ambayo sijapata kuona tena.

Mngetaka niwaambie kwamba nilikwenda mbio kwa Bwana Twalib. Sikwenda. Nilikaa na ile kamera siku tatu ndani ya mkoba, chini ya dawa zangu za presha. Nilijiambia Kazungu atapata kazi nyingine. Nilijiambia yule bibi mkono utapona. Niliambiwa na nafsi yangu mambo mengi mazuri, nafsi hodari sana ya kusema. Siku ya nne Fundi Badi akaniuliza mbona sili, nikamwonyesha picha. Alitazama mpaka mwisho. Nilingoja matusi. Akasema tu, "Haya, twende," akanibebea mkoba.

Bwana Twalib alitazama mara mbili. Mara ya kwanza hakuamini, mara ya pili alishika kichwa.

"Basi kosa ni lako," akaniambia.

"Ni langu."

"Na yeye alijua?"

"Alijua, na hakusema."

Akanirudishia kamera. Kisha akasema maneno yaliyoniuma kwa sababu yalikuwa ya haki. Alisema macho yaliyotoka barabarani ni ya Kazungu, wala si yangu, na wagonjwa ni amana, hawezi kumrudishia ufunguo mtu anayejulikana kwamba hugeuka akiamkiwa. Siku ya Jumatatu atampa jaribio moja. Ataendesha na skrini ikiwa imewashwa, kamera ikiwa imewashwa. Akigeuza macho kuitazama mpaka akakaa nayo, basi yeye aende zake na skrini zing'olewe zote. Asipogeuka, amrudishe kazini.

"Nyamazisha tu hiyo mashine," akasema.

Kana kwamba hatujajaribu! Mashine ikiwa kimya madereva wanaitazama zaidi, wanadhani imekufa. Tuliwahi kujaribu mlio tu, kila mtu akapapasa mfukoni kutafuta simu. Tukajaribu sauti ya mwanamume, wakabishana nayo. Dereva mmoja alisimamisha gari kabisa, akaiambia, "We unajua nini, mimi nimezaliwa hapa hapa," akaenda njia yake, akapotea. Zilikuwa zimebaki siku tatu na sikuwa na wazo hata moja.

Nikaenda Ganda kumwomba Kazungu radhi. Hilo nililiweza, kuomba radhi. Nilimkuta nyumbani, mtu mzima amekaa mchana peupe hana la kufanya, mikono imelala mapajani. Nikamwambia nimesema yote. Yeye ndiye aliyeona haya. "Bi Rukia, haikuwa na haja," akasema, na akaenda kuniletea maji ya kunywa.

Hapo ndipo sauti ya mwanamke ilipotoka nyuma ya ua wa makuti.

"Baba Charo!"

Kazungu akasimama wima. Akageuza uso upande mwingine kabisa, akatazama mbele yake, akatulia.

"Kuni. Kushoto," ikasema ile sauti. Kazungu akaenda kushoto, macho mbele. "Bado. Bado. Hapo." Akasimama. "Beba. Rudi. Polepole, mtoto amelala."

Akabeba, akarudi, hakukosea hatua, na hata mara moja hakugeuza shingo kule sauti ilikotoka.

"Ni nani huyo?" nikamnong'oneza mkewe, Sidi, aliyekuwa amekaa na mtoto mchanga.

"Ni mama yangu," akasema. "Amekuja kunisaidia ulezi."

Mkwe! Nyinyi mnaojua mila za huko mnacheka tayari. Mwanamume mwenye heshima zake hamtazami mama mkwe usoni. Wakikutana njiani mmoja anapisha. Anamsikiliza, anamtii, lakini macho anayaweka kwingine. Nilikaa pale na glasi ya maji mkononi nikimwona Kazungu akifanya lile jambo nililohangaika nalo miaka yote: kusikia maneno machache, kuyafuata, na kutotazama yanakotoka. Nikacheka mpaka maji yakanimwagikia. Sidi akadhani nimepandwa na pepo.

Nikazunguka ua. Mama Sidi alikuwa mwanamke mkavu, mrefu, anachambua mchicha. Nikamwamkia, nikamweleza shida yangu yote, nikamwomba anipe sauti yake iingie garini.

"Mimi niingie gari moja na mkwe wangu?" akasema. "Nikae mbele pale, magoti yagusane? Mama, uko sawa?"

"Huingii wewe. Inaingia sauti."

"Sauti haina haya?"

Nikamwambia ukweli, kwamba mkwewe atapoteza kazi kwa kosa langu, na mjukuu wake ana wiki chache duniani. Akachambua majani mawili matatu. Kisha akainua uso.

"Akipata kazi ataondoka asubuhi?"

"Saa kumi na moja na nusu."

"Na kurudi?"

"Magharibi."

"Tangu anyang'anywe huo ufunguo yuko hapa kutwa," akasema Mama Sidi kwa uchungu. "Kisimani yuko. Jikoni yuko. Mimi nazunguka kwa jirani kila nikitaka kwenda chooni. Lete hicho kimashine."

Tulirekodi ndani ya ghala la mahindi, na blanketi mlangoni kuzuia kuku. Nilikuwa nimeandika maneno mazuri, akayakataa yote. "Tafadhali ya nini? Ninamwomba?" Akasema kwa namna yake: Kulia. Kushoto. Bado. Punguza. Simama. Umefika. Nikamshukuru, nikataka kuzima, akanishika mkono. "Ngoja, kuna lingine." Akainama karibu na mashine, na kwa sauti ya chini kidogo akasema, "Polepole, una wagonjwa." Hilo sikuwa nimeliandika popote, na ndilo lililokuwa bora kuliko yote.

Msije mkaenda kesho mkamtia mama mkwe wa mtu katika kila gari la pwani. Tulijaribu baadaye, ikatuletea vituko. Dereva wetu mmoja wa Malindi mjini ni rafiki mkubwa wa mama mkwe wake, wanataniana siku nzima. Alipoisikia sauti yake akaanza kuipigia soga. Yule tulimwekea mwalimu wake wa chuoni, aliyemfundisha Kurani kwa bakora, akanyooka. Wasiooa tuliwahangaikia sana. Ninachowaambia ni kwamba msianze na skrini. Anzeni na mtu. Mwendeeni kwao, kaeni, nyweni maji, mtazame anamsikiliza nani bila kumgeukia.

Jumatatu ikafika. Tulipanda wanne: Kazungu kwenye usukani, Bwana Twalib kando yake, mimi na Fundi Badi nyuma. Kazungu alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, vifungo mpaka kooni. Hakuwa ameambiwa sauti ni ya nani, nilimwambia tu kwamba nimebadilisha. Nilikuwa na wasiwasi kiasi kwamba nilishika mkono wa Fundi Badi, na yeye, mtu yule, hakuuvuta.

Tukatoka gereji. Kimya. Tukafika kona ya kwanza.

"Kushoto."

Mabega ya Kazungu yalipanda mpaka masikioni. Shingo ikakakamaa. Niliona macho yake kwenye kioo kidogo cha juu, yamebandikwa barabarani, hata kupepesa hayapepesi. Akakata kushoto taratibu sana.

"Kuna nini?" akauliza Bwana Twalib.

"Hakuna kitu, bosi," akasema Kazungu kwa sauti nyembamba.

Tulikwenda mpaka Gede hivyo. Ng'ombe wawili walikatiza, akawaona kabla yetu sote, akapunguza kabla mashine haijasema. Pale njia panda, pale pale penye mtaro, watu wa stendi wakamtambua, wakasimama kumtazama. Nikaona jasho likimshuka shingoni. Na ile sauti ikasema, chini kidogo:

"Polepole, una wagonjwa."

Hatukuwa na wagonjwa. Lakini Kazungu akashusha pumzi, mabega yakarudi mahali pake, akaipita ile njia panda vizuri kama maji, akageuza, akaturudisha Malindi. Fundi Badi akaniambia sikioni, "Si vibaya." Nimeshawaambia hakupata kunisifu, na hiyo nayo siihesabu, maana alikuwa akimsifu Mama Sidi.

Tulipofika gereji Bwana Twalib hakutaka hata kuitazama kamera. Alimgeukia Kazungu.

"Mshale kwenye hiyo skrini ni rangi gani?"

Kazungu akatazama nje ya kioo cha mbele. "Sijui, bosi."

"Umekaa nao karibu saa nzima!"

"Sijui, bosi."

"Tazama sasa, gari limesimama. Uniambie."

Kazungu akashika kifungo cha shati kooni. Alikuwa kama mtu anayeambiwa avue nguo sokoni. "Bosi, unifukuze tu," akasema. "Mkwe wangu yuko mle. Nitamtazamaje?"

Bwana Twalib alinigeukia mimi, kisha akaigeukia skrini, kisha akacheka mpaka akalazimika kufungua mlango apate hewa. Fundi Badi alikuwa ameshajifunika uso kwa kofia yake. Nilicheka mimi nikilia. Aliporudiwa na pumzi Bwana Twalib akauchomoa ufunguo wa vani, akamwekea Kazungu kiganjani, akavikunja vidole vyake juu yake.

"Kesho asubuhi," akasema, "wagonjwa wa Gede wanakungoja. Na yule bibi wa mkono ameuliza mara mbili kama utakuja wewe."

Kazungu aliushika ule ufunguo kwa mikono miwili. Kisha machozi yakamjia, na hata hapo, vijana wangu, hata hapo, akageuka kabisa upande wa dirisha, akaipa skrini kisogo, asije akalia mbele ya mama mkwe.